Ile Chupa Fupi ya Limau

Makena, mwari wakwa, binti yangu,

Kama unasoma hapa, basi umefika kwenye ile chupa niliyoifunga ndani ya sweta yako ya kijani begini, na umekuta karatasi hizi zimezungushwa shingoni kwa raba. Usiifungue chupa kwanza. Soma. Ninakuomba, na wewe unajua baba yako si mtu wa kuomba, ni mtu wa kutangaza.

Sasa ni saa tisa mchana, Jumapili, hapa Isiolo. Nimefunga mlango wa duka nusu ili wateja wafikiri nimekufa nusu. Huko nyumbani shangazi zako wanakusuka, na mama yako anakupa maagizo: usipokee soda ya mtu kwa basi, simu iwe mfuko wa ndani, piga ukifika Nairobi, piga tena ukifika Malindi. Ameshasema mara saba, na ya nane inakuja kesho asubuhi kwa dirisha la basi. Mimi hayo siyarudii. Nina neno langu, na limenikaa kooni mwaka mmoja na miezi minne.

Unajua vile ninaongea. Mtu akiingia hapa kuuliza kiberiti anatoka akijua nimefika Moyale, Lodwar na Mombasa, na kwamba nilishapanda ndege ya viti sita na Mjerumani aliyetapikia kofia yake. Shule niliacha darasa la saba lakini dunia imenipa digrii, hivyo ndivyo husema, na watu hucheka, na wakicheka mimi hufikiri wamekubali. Leo nataka kuandika bila mtu wa kucheka. Ni kazi ngumu. Nimeshararua karatasi mbili.

Nianze na ile siku ya chupa tatu. Yule muuzaji wa kutoka Nairobi alizipanga kwa kaunta, zote limonchelo, ile pombe ya limau ambayo Waitaliano hunywa kwa kikombe kidogo baada ya kula, ikiwa baridi kama asubuhi ya Timau. Akasema nichague moja ya kuweka dukani, kwa ajili ya wale wateja wangu wa kambi za watalii, na yeye angepita kesho yake kuchukua jibu. Nikakuita kutoka ndani. Ulikuwa umemaliza chuo cha hoteli na unangoja kazi. Sikukuita kwa sababu nilitaka ushauri. Nilikuita uje uone vile baba anajua.

Ya kwanza ilikuwa ndefu na nyembamba, njano ya kung'aa kama koti la polisi wa barabarani, utepe shingoni, picha ya mlima unaotoa moshi. Ya pili ilikuwa nyeupe kama maziwa ya ngamia, ile ya krimu. Ya tatu ilikuwa fupi na nene, karatasi yake imepauka, na pombe yenyewe ina ukungu kama maji yaliyoosha mchele.

"Hii ndefu," nikasema, hata sijaishika. "Angalia rangi. Hiyo ndiyo Italia yenyewe."

"Baba, wewe umeshaona limau la rangi hiyo?"

"Malimau ya kwao hula jua tofauti."

Ulicheka, ukazigeuza moja moja ukanisomea maandishi ya nyuma. Ile fupi ilikuwa na vitu vinne tu: maganda ya limau, spiriti, sukari, maji. Ile ndefu ilikuwa na rangi ya kuongezwa, ladha ya kutengenezwa, na namba namba. Maandishi madogo hivyo mimi siyaoni, na hata nikiyaona si lugha yangu, lakini nilikuambia, "Nilishayasoma." Nakumbuka hata sauti niliyotumia.

Halafu ukachukua vile vichupa vidogo vya kuonja alivyotuachia yule muuzaji. Ukadondosha tone moja moja kwa kiganja changu, ukaniambia nisugue, ningoje pombe iende, kisha ninuse kilichobaki. Ya ndefu ikabaki sabuni ya vyombo. Ya krimu ikabaki peremende. Ya fupi, Makena, ikabaki limau. Lile ganda lenyewe, yale mafuta yanayokurukia machoni ukimenya.

Mzee Farah, jirani yetu wa malori, alikuwa amesimama mlangoni kwa kawaida yake, mguu mmoja nje na mwingine pia nje, maana ndani ya duka la pombe hajawahi kukanyaga tangu nilifungue. Alikuwa ametoka Rapsu na gunia la malimau.

"Salaam aleikum, mzee wa chupa."

"Aleikum salaam, mzee wa magurudumu. Njoo uone, mtoto ananifundisha kazi yangu."

Akatoa limau moja kwa gunia, akalikwaruza na ukucha, akanyoosha mkono mpaka kwa pua yako bila kuvuka kizingiti. "Ni hii harufu mnatafuta?"

"Ni hiyo hiyo, Abba Farah. Lakini hii yako imevunwa jana. Yao imelala kwa spiriti mwezi mzima."

Mzee Farah akanitazama. "Mimi hiyo maji yenu sitakunywa mpaka kiama. Lakini huyu msichana umsikize. Pua kama hiyo nimeona kwa ngamia peke yake, anasikia maji akiwa bado mbali."

Ukakasirika kidogo kuitwa ngamia, lakini hiyo ndiyo sifa kubwa aliyo nayo yule mzee. Mke wake hajawahi kuipata.

Tukalaza zote kwa friza. Asubuhi yake, ile ndefu ilikuwa imeshika vipande vya barafu, kumaanisha maji mengi na pombe kidogo. Ile fupi ikamiminika nzito, polepole, kama asali iliyoamshwa. Nikaagiza ile fupi, chupa moja ya kujaribu, na wateja wote nikawaambia nimeichagua mimi.

Ungekuwa mwisho wa hadithi kama ningekuwa mtu wa kunyamaza.

Wiki tatu baadaye watu wa Kirimi wako wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mambo ya ndoa. Huyo kijana nilimpenda, nikuambie ukweli. Daktari wa mifugo wa serikali, anashinda Garbatulla akidunga mbuzi za watu sindano, akija kukuona anavua gambuti zake za mpira nje bila kuambiwa. Kwa desturi yetu anayeoa ndiye huleta kinywaji. Watu wake wangebeba uki, ile pombe ya asali, wakaiweka katikati ya chumba, na yakabaki maneno. Mama yako hata alikuwa ameshaosha kibuyu cha kuipokelea.

Mimi nikapiga simu kwa baba yake Kirimi, Mzee Mugambi. Nikasema, "Mzee, uki muache nyumbani. Safari hii kinywaji ni changu. Nyinyi mtakunywa Italia."

Mama yako alisimama na mwiko mkononi. "Baba Makena, tangu lini msichana akaolewa na pombe ya baba yake?"

"Tangu baba yake akawa mimi."

Nilifikiri ni mzaha mzuri sana. Niliurudia kwa watu watatu.

Halafu ikaja Alhamisi. Wageni wanakuja Jumamosi. Jioni nikawaita marafiki dukani niwaonyeshe tu ile chupa fupi. Kuonyesha tu. Mmoja akasema haamini kama inakaa ulimini vile ninavyosema, nikamwekea kidogo. Wa pili akasema yeye je. Nikaanza kuwafundisha kunusa kiganjani kama ulivyonifundisha, lakini sikutaja jina lako. Tulipoachana chupa ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimesifiwa vya kunitosha mwezi.

Ningeweza kukuambia Ijumaa asubuhi, "Makena, nimeinywa." Ungenisuta, tungepiga simu kwa Mzee Mugambi tukasema leteni uki wenu tafadhali, na leo ungekuwa na nyumba yako Garbatulla. Badala yake nilifunga mlango wa nyuma. Nikachukua kile kichupa cha kuonja cha ile ndefu, nikamwaga ndani ya ile fupi. Nikakamua malimau ya Mzee Farah ili ipate ukungu. Sukari. Halafu nikajazia kutoka kwa ule mtungi wa manjano wa spiriti uliokuwa nyuma ya kreti, ule ulioletwa na mtu nisiyemjua vizuri, hauna karatasi, hauna sili ya kiwanda, ule uliokuwa umenikataza nisiuguse. Nikatikisa. Kwa macho, hata wewe usingetofautisha.

Kwa macho.

Jumamosi saa sita mchana wazee saba wamekaa kwa sebule yetu, kofia zao kwenye magoti. Kirimi yuko mwisho kabisa, anatoa jasho kama mtu wa kesi. Nimehutubia, nimetaja Italia mara nne. Nikamimina kikombe cha kwanza, nikakuita, nikakupa mkononi. Nikakuuliza mbele ya watu, vile desturi inataka: "Makena, tunywe?"

Unaijua maana yake, lakini niandike, ili nisiikwepe. Msichana akionja na kumrudishia baba yake kikombe, mambo yanaendelea. Akikataa, wazee wanavaa kofia.

Ukainua kikombe. Hukuonja. Ulikisimamisha hapo chini ya pua, na nikaona uso wako unabadilika. Ukanitazama. Swali lako nililisikia kama umelisema kwa kipaza sauti. Nikaangalia kalenda ukutani.

Mzee mmoja akakohoa. Kirimi akajaribu kutabasamu.

"Baba," ukasema, pole pole, "msinywe hii."

"Amesema nini?" akauliza yule mzee asiyesikia vizuri.

"Amesema tusinywe," akasema Mzee Mugambi. Akavaa kofia.

Ningesema, "Wazee, amesema kweli, pombe ni mbaya na mimi ndiye nimeiharibu, kaeni tulete soda." Ni pumzi moja. Nimewahi kuongea saa mbili mfululizo juu ya ndege ya viti sita, na hiyo pumzi moja ikanishinda. Nilicheka. Nikasema, "Wasichana wa siku hizi, wazee wangu, ni wa kuombewa." Nao wakaondoka wakaacha mbuzi mzima na mukimo na chapati za watu arobaini.

Makena, mimi ndiye niliyekuweka pale. Ukisema ndiyo, wazee saba pamoja na Kirimi wanakunywa kitu ambacho hata mimi niliyekichanganya sijui kimetoka wapi, na hapa kwetu tumeshaona watu wakilala na macho na kuamka bila. Ukisema hapana, umemkataa mwanaume unayempenda, mbele ya baba yake. Na ungeweza kusema lile la tatu: baba amejaza chupa. Hukulisema. Ulitafuta neno fupi la kuwaokoa wao bila kunivua mimi nguo. Nililiona. Pale pale nililiona, na nikakuacha ulipe.

Jumatatu nilishindwa kuvumilia, nikasema pengine ulikosea, pengine pombe ilikuwa sawa. Nikanywa kifuniko kimoja, kile cha chupa, kidogo hivyo. Siku mbili kichwa kilinipiga na ile kalenda nikaiona kama iko ndani ya maji. Nikamwambia mama yako ni malaria. Wewe ndiwe uliyeniletea uji wa limau, na nilikuwa nimegeukia ukuta lakini najua ulinusa pumzi yangu, kwa sababu ulisema, "Baba, ule mtungi nimeumwaga." Basi. Hukusema tena siku hiyo wala baadaye. Nami nikaamua kwamba kama hujasema, basi yamekwisha. Mtu mwenye hatia ni mwepesi sana kuamini mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mama yako alikaa mwezi mzima bila kukuita kwa jina, akikuita "wewe." Kanisani akina mama walisema umejiona wa maana kwa sababu ya chuo. Mimi nikisikia hayo nilikuwa natia mzaha juu yake, ili watu wacheke, ili wahamie jambo jingine.

Sasa hili lifuatalo hulijui. Ndilo lililoniharibia zile karatasi mbili.

Kirimi alikuja hapa dukani. Ilikuwa siku kumi baada ya ile Jumamosi, wewe ulikuwa umeenda Kinna na mama yako kununua vitunguu. Alikuwa ametoka kazini, vumbi mpaka kwa kope. Nilimpa kiti, akakataa.

"Mzee, Makena anasema hakunikataa mimi. Nimemuuliza basi ni nini. Analia, lakini hasemi."

"Ah, kijana."

"Wewe ndiye ulikuwa umemshikisha kikombe. Ulikuwa karibu naye kuliko sisi wote. Aliona nini? Niambie tu. Likiwa jambo langu nitarekebisha."

Likiwa jambo lake! Alikuwa tayari kurekebisha kosa ambalo hakulijua, na mwenye kosa amesimama mbele yake na kitambaa cha kufutia kaunta. Mlango ulikuwa wazi, lori la Mzee Farah lilikuwa linashusha nje, hapakuwa na mteja hata mmoja. Mungu alinipangia kila kitu.

Nikamwambia, "Mwanangu, msichana ni kama mbuzi wa Garbatulla. Ukimfuata anakimbia, ukikaa anakuja kulamba chumvi. Mpe muda."

Alicheka kidogo, kwa heshima tu. Akasema, "Sawa, mzee." Akashuka hizo ngazi mbili. Nilimtazama mpaka akapotea pale kona ya posho mill, nikajipongeza vile nimemtuliza.

Alikupa muda, mwari wakwa. Alifuata ushauri wangu.

Unajiuliza nilijifunzia wapi kujaza chupa, maana ule haukuwa mkono wa mtu anayejaribu mara ya kwanza. Hii pia nikuambie. Ile kambi ya watalii niliyofanya kazi baa miaka kumi na moja, mimi husema niliacha mwenyewe nije nifungue duka. Sikuacha. Nilifukuzwa. Tulikuwa na mgeni, mama mzee wa Kiitaliano, alikuwa anakuja kila mwaka kuangalia ndege wa porini, na anabeba limonchelo yake mwenyewe kwa mkoba kwa sababu haamini ya mtu. Alikuwa ananiachia chupa niiweke kwa friza. Mwaka mmoja niliionja, nikaionja tena, na nikajazia kwa vodka ya kambi na maji ya limau. Nikamletea kikombe kidogo na kitambaa cheupe, nimeinama vizuri. Aliinua, akanusa, akakirudisha kwa sahani. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama kumi. Akatumia moja. "Hapana." Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananipenda.

Kwa hiyo siku ile uliposhika kikombe chini ya pua, mimi nilishakuwa hapo. Nilijua uso huo. Mtu mwingine angejifunza kwa yule mama asirudie tena. Mimi nilijifunza tu kutikisa chupa vizuri zaidi.

Mwezi uliopita ulirudi kutoka yale mahojiano ya kazi ya Malindi ukatuambia vile walikuwekea vikombe vitatu vya limonchelo mezani wakasema chagua, na ukachagua, na tena ukawaambia cha katikati kimeongezwa maji. Wale Waitaliano wa hoteli wakatazamana, wakakuuliza unaweza kuanza lini. Nilizunguka mji mzima na hiyo habari. Stendi, sokoni, kwa kinyozi: "Nimemfundisha mimi!" Mzee Farah alikuwa amekaa kwa tairi lake nje akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole, "Na wewe alikufundisha nini?"

Sijalala vizuri tangu hiyo siku. Yeye anadhani alikuwa anatania.

Basi Ijumaa, nilipokuambia naenda Meru kutafuta kreti, nilikuwa nimebeba kibuyu cha uki. Nilikinunua kwa mama mmoja anayeheshimika kwa kazi hiyo, nikampelekea Mzee Mugambi. Nilimkuta anapogoa kahawa. Akatazama kibuyu.

"Nani anaoa?"

"Hakuna anayeoa, mzee. Nimekuja kusema uongo wangu."

Nikamweleza yote, mtungi, kalenda, mpaka Kirimi na vumbi lake hapa dukani. Nilisimama. Hakuniambia nikae. Aliendelea kukata matawi, taratibu, mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo ulitaka kutuua na limau," akasema.

"Sikutaka, mzee. Nilitaka mnisifu."

Akaweka panga chini. "Nyumbani kwangu tumemtukana huyo msichana mwaka mzima. Mke wangu alisema ana dharau. Kumbe nilivaa kofia yangu juu ya kichwa alichokiokoa yeye."

Nikauliza kuhusu Kirimi. Nilijua nitauliza, na nilijua jibu sitalipenda. Akaniambia ameoa, Aprili, msichana wa Maua, mwalimu, mtu mzuri. Labda ulishasikia na ukanyamaza, hiyo ndiyo tabia yako. Kama hukusikia, basi umelisikia kwangu, na ni haki lisikike kwangu. Kurudisha nyuma siwezi. Nimejaribu kufikiria njia tangu Ijumaa, mimi mtu wa njia nyingi, na haipo.

Mzee Mugambi alikataa kunywa ule uki na mimi. Alisema ataunywa na wale wazee sita, atawaita kwake, na kabla ya kumimina atawaambia kwa nini msichana wa Isiolo alisema wasinywe. Na Kirimi atamwambia yeye mwenyewe. Nikamwambia asante. Akasema, "Usinishukuru. Nenda umwambie mama yake."

Nimemwambia leo asubuhi kabla ya kanisa. Hakulia na hakunitukana. Aliingia jikoni akaanza kupika chapati za safari yako, kila moja akiipiga kwa meza kama ni mimi. Kama leo amekuita jina lako mara nyingi kuliko kawaida, na amekushika kichwa muda mrefu wakati wa kusukwa, sasa unajua sababu. Atakusemesha mwenyewe. Muache achague wakati.

Sina mafundisho, Makena. Ningekuwa nayo ningeyatumia mimi. Ni kitu kimoja tu nimekiona: siku nilipokuwa na la kusema nilikuwa na maneno elfu, na lile moja halikuwemo. Wewe ulikuwa na maneno mawili na yalitosha watu wanane. Huko unakokwenda watakuja wakubwa wenye sauti kama yangu, wataweka chupa ndefu mbele yako na kusema hiyo ndiyo Italia yenyewe. Hutanihitaji hapo. Hukunihitaji hata mara ya kwanza. Ilikuwa ni mimi tu nilikuwa njiani.

Sasa chupa.

Ni ile ile fupi. Sikuitupa. Nilikuwa nimeificha nyuma ya kreti, nikiiona kila nikiinama. Nimeichemsha mara tatu. Malimau ni ya Rapsu, Mzee Farah aliyachagua moja moja mwenyewe, akiyakwaruza na ukucha, na alisema niandike kwamba hiyo ndiyo sehemu yake na hakuona yaliyofuata. Nimemenya ganda la njano tu bila ile nyeupe chungu, kama ulivyosema siku ile na mimi nikajifanya najua. Spiriti ni ya kiwandani, ilikuwa na sili; nimekuwekea chupa yake tupu na kifuniko, iko ndani ya kiatu chako cha mvua, ujionee. Maganda yamelala siku arobaini ndani ya mtungi wa glasi chini ya kitanda chetu, na mama yako alifikiri ni dawa yangu ya mgongo. Sukari. Maji yaliyochemshwa. Vitu vinne.

Sijaionja. Sikutaka kurudia ile ya Alhamisi.

Ukishatulia huko, ilaze kwa friza uone kama itashika barafu. Weka tone kiganjani, sugua, ngoja pombe iende. Nusa kilichobaki. Usinihurumie, maana umenihurumia ya kutosha.

Halafu unipigie simu. Nitakuwa dukani, na nitaiweka sauti ya juu, Mzee Farah akiwa kwa tairi lake, na wateja wote wakisikia. Nitakuuliza, "Makena, tunywe?"

Ukisema tunywe, nitalia, na watasema baba Makena amezeeka.

Ukisema msinywe, nitawaambia wote walio hapo, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa hadithi ya ndege: amesema kweli, ni mimi niliyeiharibu.

Mimi baba yako,
niliyeangalia kalenda.